Mkanda Mpya wa Zumari

Jumatatu, 3 Machi

Leo tena! Nimeingia nyumba ya wageni gari likipiga kelele mpaka mgeni mmoja akachungulia dirishani, mswaki mdomoni. Bi Meneja alinitazama tu juu ya miwani yake, kisha akaanza kuhesabu mashuka polepole, moja moja, ili nipate muda wa kuona haya. Nimeona.

Ndiyo kwanza amefika kwenye foronya. Mimi naandika hapa hapa kwenye usukani. Daftari hili linakaa kwenye droo ya gari, chini ya matambara, na hakuna anayejisumbua kulitafuta.

Zumari — ndilo jina ambalo mtaa mzima umelipa gari letu. Lilikuwa la Baba, enzi zake za kusambaza mikate. Sasa ni langu, au tuseme ni la dobi yetu: linabeba mashuka machafu kuja, masafi kurudi. Mkanda wa injini umechoka, ukizunguka kwenye puli unalia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Nina dawa yangu lakini. Kila asubuhi kabla sijawasha, nafungua boneti nausugua mkanda kwa kipande cha sabuni ya mche. Kimya! Natoka nyumbani na heshima zangu. Likishapata moto, sabuni imekwisha kazi, na tunarudia wimbo wetu.

Basi leo sabuni imeishia mlangoni kwa Bi Meneja. Sasa kamaliza kuhesabu, kanisindikiza na ombi: kesho, tafadhali, niegeshe nyuma, karibu na mapipa ya taka. Sawa, mama. Nitaegesha na mapipa wenzangu.

Jioni

Kaka kapiga simu. Maneno yale yale. Baba aende akakae kwake, nyumba kubwa, bustani, chumba chake peke yake, hata geti linafunguka lenyewe ukibonyeza kidude. Nikampa Baba azungumze naye. Baba akasikiliza, akasema ni vizuri sana, mwanangu, na hilo geti hongera, lakini mimi huku nina kazi.

Na kweli anayo. Macho yake yamebaki kuona mwanga na vivuli tu, lakini geti letu ni lake. Nyumba ipo kwenye mteremko na barabara ni nyembamba. Geti likiwa limefungwa inabidi nisimame huku matako ya gari yamebaki barabarani, na breki ya mkono ya Zumari ni ya kumwomba Mungu. Sijawahi kusimama. Baba anausikia mlio tangu kona ya duka la misumari. Anaweka kikombe chini, anatembea, anavuta komeo, na mimi nikifika mbawa zote mbili ziko wazi, yeye kando, mkono juu, askari wa barabarani hasa. Dada wa Pasi, anayetupigia pasi hapa uani, siku moja alimsaidia kuvuta komeo. Alinuniwa wiki nzima.

Jumanne, 4 Machi

Taa ya betri imewaka njiani. Ikazima. Ikawaka tena, kama inanikonyeza. Nikapita kwa fundi.

Huyu fundi jina lake la kuzaliwa sijui, sisi tunamwita Fundi Kesho, na anaitika. Kafungua boneti, kainamisha kichwa. Akaukunja mkanda kwa kidole nikaona mwenyewe: nyufa, nyufa, nyufa, na pembeni nyuzi zimechomoza. Akasema mkanda huu ndio unaoizungusha altaneta na pampu ya maji. Ukikatika, umeme hakuna, maji hayazunguki, injini inachemka, na hapo nisimtafute yeye, nitafute wa vyuma chakavu.

Kisha akachovya kidole kwenye mfereji wa puli, akakitoa cheupe. Akanusa.

"Mama Dobi," akasema, "hapa ulikuwa unaendesha au unafua?"

Vijana wa gereji wamecheka mpaka mmoja akakaa chini. Nimejieleza kidogo, nikaona kadiri ninavyojieleza ndivyo wanavyozidi, nikanyamaza. Kumbe sabuni yangu ndiyo iliyoufanya mkanda uwe laini kama kioo, ukawa unateleza badala ya kushika. Yaani nilikuwa nautibu ugonjwa kwa ugonjwa wenyewe. Dobi mzima!

Nimemuuliza atakuja lini kuubadilisha. Mnajua alichojibu.

(Mnajua — nani? Naongea na daftari kama nina hadhira.)

Alhamisi, 6 Machi

Kesho ya juzi imefika leo. Fundi Kesho kaja na spana zake kwenye mfuko wa viazi, na mimi nikamkabidhi mkanda mpya niliochukua duka la spea. Nilitaja aina ya gari, mwaka, kila kitu, muuzaji akafungua kitabu chake kinene, akanipa. Safi.

Hauingii.

Fundi kavuta. Kabana meno. Kaisogeza altaneta mpaka mwisho wa reli yake, kavuta tena, mguu kwenye bampa, shingo imemtoka mishipa. Mkanda ukamponyoka ukampiga kifuani. Akasema kiwanda kimekosea. Akasema siku hizi vitu havitengenezwi vizuri. Akasema, kwa sauti ndogo, labda gari limepanuka.

Huko kwenye kiti chake karibu na geti, Baba anatikisika. Nilidhani anakohoa. Anacheka!

Ikabidi atueleze. Altaneta ile si ya gari hili. Ya kwanza iliungua miaka hiyo, yeye na rafiki yake mchomeleaji wakachukua ya lori moja bovu wakaifungia kwa kipande cha chuma walichokata wenyewe. Kubwa zaidi, na imekaa mbali zaidi. Kitabu chochote duniani kitatoa mkanda mfupi. Nikamuuliza mbona hukuniambia, Baba, toka juzi natafuta mkanda? Akasema hukuniuliza, mama. Ulikuwa unazungumza na fundi.

Nimemeza hiyo.

Basi akaomba uzi. Dada wa Pasi akamletea kamba ya kuanikia. Baba akainama injinini, vidole vikatangulia, akaizungusha kamba puli kwa puli, taratibu, huku anapiga mluzi, akaivuta, akafunga fundo. Akanipa. Pelekeni hii, akasema.

Muuzaji wa spea aliitazama kamba, akanitazama mimi, akaangalia kama nimekuja na mtu wa kunishika mkono. Lakini akapima. Kautoa mkanda wa gari jingine kabisa, aina ambayo sijawahi hata kuiona barabarani. Umelingana na kamba.

Fundi amekwisha kuondoka. Kesho, kasema.

Ijumaa, 7 Machi

Tayari! Umefungwa!

Fundi alianza kwa kusugua puli zote kwa brashi ya waya, sabuni ikawa inamwagika chini kama makombo. Dada wa Pasi akamwambia asiitupe, bado ina kazi. Kisha mkanda ukaingia kwa ulaini, kama ulizaliwa pale. Akaisukuma altaneta kwa nondo, akakaza nati. Baba akaomba ashike. Akaubonyeza mkanda kwa dole gumba pale katikati, akatikisa kichwa, akasema bado, kaza kidogo. Fundi akakaza. Baba akabonyeza. Bado. Hivyo hivyo mpaka Baba akasema basi, hapo hapo, usiguse tena. Fundi Kesho, ambaye hamsikilizi mtu, alisikiliza.

Nikawasha. Hakuna kitu! Yaani injini ipo, inanguruma chini chini kama paka aliyeshiba, lakini ule mlio haupo. Nilizima nikawasha tena nihakikishe. Fundi kapiga makofi, kajipigia mwenyewe. Baba akatabasamu, akasema kazi nzuri, akarudi kwenye kiti chake.

Naandika nikiwa nje ya nyumba ya wageni. Mlango wa mbele! Bi Meneja hakujua kama nimefika mpaka nilipomgongea. Kashtuka, kashika kifua. Halafu, nisipoandika hili nitadhani niliota, kaniletea chai. Na kikombe chenye kisahani.

Jumamosi, 8 Machi

Jambo dogo la jana sikuliandika kwa furaha. Niliporudi, geti lilikuwa limefungwa. Nikakanyaga breki, nikavuta ya mkono, nikaomba Mungu, matako ya gari barabarani, na nyuma yangu bodaboda tatu na pikapu zinapiga honi kama harusi. Nikapiga na mimi. Baba akatoka mbio, kandambili moja mguu usio wake, akapapasa komeo, akalikosa, akapapasa tena.

Alipofungua kasema, "Umekuja kimyakimya kama mwizi."

Tukacheka. Nikamwambia ndiyo raha ya mkanda mpya, Baba, umeukazisha mwenyewe. Akasema kweli, kweli.

Leo amenipokea vile vile, amechelewa. Atazoea. Nitakuwa napiga honi pale kona ya duka la misumari, mara mbili fupi.

Jumatatu, 10 Machi

Balaa.

Sikuwepo, nimesimuliwa na Dada wa Pasi, naye alikuwa anasimulia huku analia na kucheka, sikujua nimshike lipi. Ni hivi. Baba amekaa, anasubiri honi mbili. Zikapigwa honi mbili. Akanyanyuka, akafungua geti, mbawa zote, akasimama kando, mkono juu. Likaingia lori la mchanga.

Dereva wa lori alikuwa anatafuta mahali pa kugeuzia. Kaona geti linafunguliwa, mzee anampungia mkono, kafikiri, jamani, mtaa gani huu wenye watu wema! Akaingia mpaka uani. Kisha akarudi kinyumenyume, akazoa kamba ya kuanikia pamoja na nguzo yake. Mashuka ya Bi Meneja, meupe, yale makubwa ya vitanda vya watu wawili, yote chini, na tairi juu yake. Dereva aliteremka akaomba radhi sana. Akambusu Baba mkono, anasema Dada wa Pasi. Akaondoka.

Tumeyafua upya mchana kutwa. Mikono yangu imechubuka. Sikusema neno baya, naapa. Nilisema tu haidhuru, Baba, hata mimi ningefungua. Akajibu kwamba mimi nina macho, ningeona.

Hakula.

Jumanne, 11 Machi

Nimejaribu simu. Wazo zuri, nilidhani: nikifika kona, nabipu, yeye anasikia mfukoni, anafungua. Tukafanya mazoezi sebuleni asubuhi, tukacheka vizuri, Baba akaitikia "haloo" kwa simu iliyoshikwa kichwa chini. Saa nne nikabipu kutoka kona. Simu ilikuwa ndani ya beseni la kulowekea. Ilimponyoka mfukoni alipoinama kuokota kibanio. Dada wa Pasi kaiokoa na kuitia kwenye mchele.

Nilipofika alikuwa amesimama getini, mkono umeshika komeo. Nikamuuliza amesimama pale tangu lini. Akasema si muda. Dada wa Pasi, nyuma yake, akaninyooshea kidole juani: toka nilipoondoka.

Kwa jua hili!

Jumatano, 12 Machi

Leo nimefanya jambo nikajiona nina akili.

Nilifikiri hivi: mzee anaungua na jua kwa ajili yangu, nimpumzishe. Nikasimamisha gari hapo nje polepole, nikaweka jiwe kwenye tairi, nikateremka, nikalivuta komeo mwenyewe kwa ncha za vidole, lisigonge. Nikaingiza gari. Nikafunga. Wala hakuna aliyejua. Baba alikuwa amesinzia kidogo kwenye kiti, nikapita karibu yake kwa kunyata, nimefurahi kabisa na nafsi yangu.

Akasema, macho yamefumbwa: "Komeo limefunguliwa na nani?"

Nikasema mimi, Baba, nilitaka upumzike.

Akanyanyuka. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. Alikunja blanketi lake la kiti, vizuri, kona kwa kona, akaingia ndani. Baada ya muda nikasikia anamwomba Dada wa Pasi amtafutie namba ya Kaka kwenye simu. Simu imetoka kwenye mchele, nzima kabisa. Ningejua ningeiacha kwenye beseni.

Kaka anakuja Jumamosi kumchukua.

Jumatano hiyo hiyo

Nimerudi garini, nimejifungia humu, naandika tena. Nimemfuata chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, shati zake tatu nzuri juu ya mapaja. Nikamwambia kama ni geti, nitapiga honi tatu. Nne. Nitafunga kengele. Nitapaza sauti kona ile niite Baba kama nauza samaki.

Akasema maneno ambayo tangu hapo yananizunguka kichwani.

"Honi ni ya kila mtu, mama. Ule mlio ulikuwa wetu." Kisha akasema kwamba kule kwa Kaka angalau geti linafunguka lenyewe, hakuna atakayesubiri wala kusubiriwa.

Na mimi mpumbavu nimeweka ukimya kwenye gari, nimetembea nao mtaa mzima nikijisifu! Nimeujua mlio ule miaka yote hii, nimeusugua kwa sabuni kila siku ya Mungu, sikuwahi kujiuliza nani mwingine anausikiliza. Aliushika mkanda kwa dole gumba lake. Akasema kaza. Alijua? Sijui kama alijua. Nimelia kidogo. Nimepangusa kwa tambara la girisi, sasa nina mustachi.

Alhamisi, 13 Machi

Kaka kapiga kupanga. Anauliza Baba anapenda godoro gumu au laini. Wifi kanunua mapazia. Ni mtu mzuri, Kaka, ndiyo tabu yenyewe. Ningekuwa na kaka mbaya ningegombana naye saa hii, nikapata nafuu. Nilijaribu kumwambia kwamba Baba haondoki kwa mapazia. Akasema, mdogo wangu, mzee kachoka, kanipigia mwenyewe. Tumwache apumzike.

Kila mtu anataka kumpumzisha Baba. Mimi wa kwanza.

Leo Baba kaniambia "karibu nyumbani" nilipoingia, akiwa ndani. Dada wa Pasi ndiye aliyefungua geti. Kalifungua vibaya, bawa moja, nimekwaruza kioo cha pembeni.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda kwa Fundi Kesho na ombi ambalo hajawahi kuombwa na mtu mwenye akili timamu. Nimemwambia anirudishie mkanda wa zamani.

Kwanza alidhani namtania. Kisha akaumia. Akasema sifa za kulinyamazisha Zumari zimefika mpaka mtaa wa pili, watu wanakuja kumuulizia, leo nimrudishie kelele nimvunjie jina? Na hata akitaka hawezi: mkanda ule kaukata vipande, kafanyia bawaba za banda la kuku. Kanionyesha. Kuku wanaingia na kutoka, kimya.

Nikamweleza basi. Kuhusu geti, lori la mchanga, shati tatu juu ya mapaja. Nikaeleza mpaka vijana wa gereji wakaacha kugonga. Fundi akawa anafuta spana moja kwa muda mrefu, ilhali ilikuwa safi.

Akasema mkanda mpya hauwezi kulia ukiwa umekaza sawasawa. Ukilegea ndiyo unalia. Lakini ukilegea unakula umeme, unakula maji, unajimaliza wenyewe kabla ya siku zake, na yeye kama fundi hawezi kumshauri mteja jambo la namna hiyo. Akanipa ile spana. Akasema nati ni ile ya juu, kwenye reli ya altaneta, ya kumi na mbili, na kwamba leo hajaniona kabisa.

Jumamosi, 15 Machi

Nipo kona ya duka la misumari. Mikono nyeusi mpaka kwenye viwiko.

Kaka kafika asubuhi, mapema kuliko alivyosema. Shikamoo Kaka, marahaba, chai, mapazia. Mkoba wa Baba ulikuwa mlangoni, mdogo, nikashangaa mtu mzima kama yule kuingia kwenye mkoba mdogo vile. Baba kavaa shati ya kwanza kati ya zile tatu. Nikasema nina vifurushi viwili vya Bi Meneja, narudi mara moja, msiondoke bila kuagana. Uongo. Hakuna kifurushi hata kimoja. Garini nipo mimi na spana.

Nati ilikataa kwanza. Nikaisukuma kwa mguu. Ikakubali, nikairudisha nyuma kidogo, altaneta ikashuka. Nikawasha: kimya. Nikalegeza zaidi. Nikawasha — mama yangu! Mwenye duka la misumari katoka nje na kikombe chake akasema, "Enhe! Zumari limerudi." Sijawahi kufurahia kelele namna hii.

Sasa naogopa. Akidhani namfanyia mchezo je? Mtu amevaa shati yake ya safari, wewe unamlizia gari kama mtoto wa kubembelezwa. Au je, asisikie? Yumo ndani, Kaka anaongea, na Kaka akiongea husikii kitu kingine. Ngoja. Nikiendelea kuandika injini itachemka. Nakwenda.

Nimo uani.

Nilikata kona, nikateremka ule mteremko, sikukanyaga breki. Nasema kweli, sikukanyaga! Na geti lilikuwa wazi. Mbawa zote mbili. Baba kando, mkono juu, shati imechomekwa upande mmoja. Nyuma yake Kaka, mdomo wazi, ameshika mkoba kwa mkono mmoja na funguo za gari lake kwa mwingine. Baadaye kanieleza kwamba alikuwa katikati ya sentensi, na mzee akanyanyuka tu akamwacha na sentensi yake.

Nikaegesha. Sikuzima, nilisahau. Baba akaja ameshika ubavu wa gari mpaka mbele, akasema zima. Nikazima. Akafungua boneti mwenyewe, akaingiza mkono, akaubonyeza mkanda kwa dole gumba.

"Nani kaulegeza?"

Nikasema barabara ni mbaya, Baba, mashimo mengi, labda nati imejilegeza.

Akapapasa nati kwa kidole. Dada wa Pasi kasimama, pasi ikiwa hewani.

"Nati ya kumi na mbili haijilegezi," akasema. Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu, kama daktari. Spana ilikuwa mfukoni mwangu na tulijua wote wawili. Nikampa.

Sasa yuko kichwa ndani ya injini, na mimi niko kwenye usukani, nasubiri amri, ndiyo maana naandika. Anakaza kidogo. Washa. Nawasha. Anatega sikio. Zima. Anasema hapo sawa kwa maji lakini sauti haitafika mpaka kwenye kona. Analegeza kidogo. Washa. Hapo inafika, lakini taa ya betri? Imewaka, Baba. Zima. Anapiga mluzi.

Kaka kaja dirishani kwangu. Ananiuliza kwa kunong'ona mkoba auweke wapi, gari lake lipo juani, safari ni ndefu. Nikamwonyesha Baba kwa kidevu: muulize mwenyewe. Kamuuliza. Baba, bila kuinua kichwa, kasema subiri kwanza, hapo uliposimama umenizibia mwanga.

Kaka kasogea. Bado kaubeba mkoba.

Washa tena, ananiambia, lakini safari hii mwambie kaka yako aende kule kwenye kona asikilize —